Tulivyokwenda Kumchukua Bheki

Kizito wa saluni ya Point amenipigia simu mara tatu tangu nifike Sumbawanga, na swali lake ni lile lile. "Mutu mukubwa, uko na diploma, uko na gari, ulienda tu siku tatu ukarudi hauongee. Iko nini kule?" Wenzangu wa Clairwood nao wameniandikia. Nimeona niwajibu wote kwa barua moja, nisimulie mara moja, kisha niendelee na kazi zangu, ambazo ni nyingi.

Kwa atakayeisoma bila kunijua, mimi ni Anatoli Sikazwe. Niliingia Durban na begi moja, nikalala sakafuni katika chumba cha watu sita pale Point. Nimetoka Durban baada ya miaka kumi na mmoja nikiwa na diploma ya ufundi wa majokofu na viyoyozi, niliyoipata kwa kusoma mchana na kuendesha lori usiku, na pikapu ya viti vinne niliyoinunua kwa jasho langu. Darasani walikuwepo vijana waliozaliwa palepale, wenye baba na mama wa kuwapikia, na hakuna aliyenipita. Sisemi haya kwa majivuno. Nayasema mjue kwamba baridi ni taaluma yangu, na kwamba mimi si mtu wa kutishwa na ukungu.

Umlazi

Bheki Cele ndiye aliyenifundisha kuendesha lori la friji. Tulikuwa tukipokezana zamu, tukileta nyama ya kondoo kutoka miji ya wafugaji huko bara hadi kwenye maghala ya baridi ya Clairwood. Siku ya mtihani wangu wa mwisho zamu ilikuwa yangu. Bheki akasema niende nikafanye mtihani, yeye atakwenda badala yangu. Lori lilipinduka kwenye barabara yenye barafu, mbele kidogo ya mji wa Steynsburg, naye akafa palepale. Mwili uliletwa ukazikwa. Mimi nilifaulu.

Miaka mitatu baadaye, nikiwa nafunga mizigo yangu ya kurudi nyumbani moja kwa moja, mjane wake akaja kwenye fleti yangu South Beach. Anaitwa MaZondi, kwa kuwa Wazulu humwita mke kwa ukoo aliozaliwa. Alikataa kukaa. Alisema Bheki anamjia ndotoni akiwa amesimama nje ya lango na jaketi lake la kazi la manjano, habishi hodi wala haondoki. Wamezika mwili, roho imebaki barabarani, na haijui njia kwa sababu hakuna aliyekwenda kuichukua. Kaka yake mkubwa yuko tayari kwenda. Kinachokosekana ni gari na mtu anayeijua ile barabara.

"Unaondoka," akaniambia. "Kabla hujaondoka, mrudishe."

Nilikubali kabla hajamaliza.

Nilipofika Umlazi alfajiri ya Ijumaa, Baba Cele, kaka yake Bheki, alikuwa ameshakaa nje kwenye kiti, amevaa koti la kanisani, na tawi la mti limelazwa magotini juu ya taulo jeupe. Mti huo ni jamaa ya mkunazi wetu. Kila penye jani pana miiba miwili, mmoja umenyooka na mwingine umepinda kama ndoana. Akanieleza kanuni. Tutakwenda hadi mahali alipoangukia. Pale atamwita kwa jina, na Bheki atakaa kwenye tawi. Kuanzia hapo hadi nyumbani, yeye Baba Cele hatazungumza na mtu yeyote aliye hai, atazungumza na mdogo wake tu. Tawi litakuwa na kiti chake. Kila tutakapovuka mto nipunguze mwendo ili amwambie.

"Na nyumbani mnajuaje kama amefika?" nikauliza.

"Mbuzi atakula majani ya tawi," akasema. "Asipokula, tumeleta kuni."

Umlazi hadi Khowa

Mchana wa kwanza ulikuwa wa raha. Barabara inapanda kutoka kwenye miwa, inapita misitu ya mbao ya Ixopo ambako ukungu hukaa kati ya miti kama moshi uliosahauliwa, kisha inashuka kwenye mto Umzimkhulu. Baba Cele alikuwa msemaji kuliko nilivyotarajia, labda alikuwa akitumia maneno yake kabla ya kufungiwa. Nilimweleza kuhusu diploma yangu, na jinsi mwalimu alivyosoma jina langu la kwanza mbele ya darasa zima. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Wewe ni kama jogoo aliyejijengea banda," akasema. "Hata asubuhi ikichelewa, anadhani asubuhi ndiyo iliyokosea, yeye yuko sahihi."

Nikacheka. Nikamwambia banda lenyewe ni zuri. Akasema hilo halikatai.

Karibu na Umzimkhulu tulisimamishwa kwenye matengenezo ya barabara, upande mmoja unapita na mwingine unangoja. Tulingoja dakika arobaini. Dada aliyeshika bendera nyekundu alikuwa amejifunga shali hadi machoni. Nikashuka kumsalimu: hali yake, watu wa nyumbani, kazi, baridi. Nilikuwa bado kwenye watoto alipogeuza bendera, na magari yote nyuma yakaanza kunipigia honi. Baba Cele alinisubiri nirudi kwenye usukani.

"Kwenu mtu akifa, mnamaliza kwanza salamu?"

"Kwetu hata marehemu anasalimiwa," nikajibu.

Baada ya Kokstad nchi inafunguka na watu wanatoweka. Matatiele tulikula mikate ya mafuta na maini, tukiwa tumesimama, na mwenye duka akatuuliza tunakwenda wapi. Baba Cele alipomwambia, mwanamke yule alituongezea mikate miwili, akasema ni ya kurudia. Kuanzia hapo ni miji midogo ya wafugaji, yote ya mfano mmoja: kanisa la mawe lenye mnara mweupe katikati, barabara pana kupita kiasi, kwa sababu zamani magari ya kukokotwa na maksai yalipaswa kugeuka humo, ghala la sufu, duka la vyakula vya mifugo, na mzee mmoja kwenye baraza anayegeuza kichwa kukufuata mpaka upotee. Mimi nimekulia kwenye ng'ombe, najua ufugaji. Lakini kwetu ng'ombe huchungwa na mtu. Kule anachungwa na waya. Unaendesha saa nzima, kondoo kwa maelfu, waya bila mwisho, na hakuna binadamu hata mmoja.

Kabla ya Khowa kuna mlima wenye tundu. Si pango, ni tundu lililotoboka upande hadi upande, unaona mbingu ndani yake. Baba Cele aliutazama hadi tukaupita. Kisha akaanza kusimulia jinsi Bheki alivyokuwa akiiba maziwa ya bibi yao, na hakunyamaza mpaka tulipofika kulala.

Khowa hadi kwenye uzio

Jumamosi tulipita Indwe, Dordrecht na Molteno. Theluji nyembamba ilikuwa imebaki kwenye vivuli ingawa jua lilikuwa kali. Steynsburg nilisimama kwenye bucha, wakanichomea mbavu za kondoo na mikate ya duara iliyookwa juu ya makaa. Nilijua tutakuwa na njaa. Baba Cele hakunikataza kununua chakula. Baadaye niliona kwamba mtu hawezi kukukataza jambo ambalo kwao hakuna anayewahi kulifanya, yaani kula mahali alipofia mtu.

Mahali penyewe pana kibao cha kilomita kilichopinda na uzio uliotengenezwa upya, waya mpya ukiunganishwa na wa zamani. Ng'ambo ya uzio pampu ya upepo ilikuwa ikizunguka bila kutoa maji. Baba Cele alivua kofia, akashika tawi, akaenda taratibu kando ya barabara mpaka mahali waya unapobadilika rangi. Akapiga magoti. Nilimsikia akitaja majina ya ukoo wao, moja baada ya jingine, kwa sauti ya kumbembeleza mtu aliyenuna.

"Bheki, ni mimi, kaka yako. Tumechelewa. Hapa si kwenu. Inuka twende nyumbani."

Nikaona si heshima kumkodolea macho. Nikarudi garini, nikafungua karatasi ya nyama juu ya boneti, nikaanza kula. Nilipoinua kichwa palikuwa na mtu ng'ambo ya uzio. Alikuwa mwembamba, amevaa ovaroli ya buluu kama wafanyakazi wa mashamba yale, blanketi la kijivu mabegani. Hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akiitazama nyama.

Ninyi mnajua tulivyolelewa. Huwezi kutafuna mtu amesimama anakuona. Hata kama ni kipande kimoja, unakaribisha. Akikataa, umetimiza wajibu. Nikainua mkono.

"Karibu, ndugu. Njoo tule."

Akaja. Sikumwona akiruka waya. Nilikuwa nimeinama kukata mkate, nilipoinuka alikuwa mbele yangu. Nikampa ubavu mnene, akaupokea kwa mikono miwili, kwa adabu hasa, akaushika hivyo hivyo kifuani. Nikamuuliza anaelekea wapi. Akaonyesha kwa kidevu upande tuliotoka, akasema, "Mbele kidogo." Nikamfungulia mlango wa mbele. Nilijisikia vizuri, nawaambia ukweli. Nilijiona mtu mwenye gari anayejua kuishi na watu.

Mambo mawili sikuyatambua palepale. La kwanza, nilikuwa nimemkaribisha kwa Kiswahili, kwa mazoea, naye hakusita. La pili, hakutoa mvuke mdomoni, na mimi nilikuwa nikiutoa kama birika.

Baba Cele akaja na tawi. Wakati wa kwenda alilishika kwa wepesi, tawi la uzito wa ufagio, na sasa alilibeba kwa mikono yote miwili, mgongo umepinda, kama mtu anayebeba mtoto mkubwa aliyelala. Akafika mlangoni, akamwona mgeni wangu kwenye kiti cha mbele. Akasimama. Akamtazama yeye, akanitazama mimi. Mdomo wake ukafunguka, kisha akaufunga kwa nguvu. Hakuweza kuniambia neno.

Kwenye uzio hadi Dordrecht

Alilaza tawi kwenye kiti cha nyuma, akalifunga mkanda, akakaa kando yake. Tulikwenda kama kilomita tano ndipo nikamsikia, kwa Kizulu, polepole, kila neno likiwekwa mahali pake.

"Bheki, mdogo wangu, tumeondoka. Rafiki yako amemwita mtu chakulani, pale pale ulipoangukia wewe. Mimi nilimwita mmoja kwa jina lake. Yeye ameita bila jina. Usiogope. Sogea kwangu."

Nilimtazama kwenye kioo. Nilikasirika kidogo, kwa kuwa nilidhani anamsema vibaya maskini wa watu, tena mbele yake. Nikamwambia mgeni asijali, mzee yuko kwenye msiba. Tulipoingia Steynsburg nikauliza kama ni hapo. "Mbele kidogo." Molteno nikauliza tena. "Mbele kidogo," kwa sauti ile ile, kana kwamba sijatembea hata hatua.

Nikaanza kusikia baridi. Sasa nisikilizeni, kwa sababu hapa naongea kama fundi. Niliwasha joto la gari hadi mwisho. Nikaweka kiganja kwenye tundu la hewa, hewa ilikuwa inachoma. Nikakisogeza kiganja nusu mkono kuelekea kiti cha mbele, vidole vikafa ganzi. Mtu asiyesoma atasema gari limeharibika. Mimi nimesoma. Joto halipotei, linahama kutoka kilicho na moto kwenda kwenye kilicho baridi zaidi. Hilo ni somo la kwanza kabisa, na nililijibu kwenye mtihani ule. Swali lilikuwa moja tu, na sikutaka kulijibu tukiwa barabarani: mle garini joto lote lile lilikuwa linaingia ndani ya nini?

Jua lilikuwa halijazama tulipofika Dordrecht. Nyumba ya wageni ni ya bibi mmoja mzungu mwenye miwani minene, nyumba ya bati na mawe kando ya kanisa. Mgeni wangu hakushuka. Nikafikiri anaona haya kuingia ndani. Tulipokaa mezani, mimi na Baba Cele na tawi likiwa kwenye kiti chake, bibi akaleta sahani nne za kondoo na malenge.

Nikamwambia kwa upole kwamba watu ni watatu, na mmoja amebaki garini.

"Wanne," akasema. "Niliwahesabu mkiingia uani. Wewe, huyu baba, huyo wa blanketi, na yule mrefu aliyekufungulieni lango."

Lango nililikuta wazi. Nilidhani huwa linaachwa hivyo.

"Mrefu yupi, mama?"

"Mwenye jaketi la manjano linalong'aa. Hao wawili wamebaki nje, hawataki kuingia. Waambie chakula kinapoa." Akaweka bakuli, akafuta mikono kwenye aproni. "Na mbwa wangu wamejificha chini ya kitanda, sijui kwa nini. Hujambo wewe? Umebadilika rangi."

Baba Cele alikuwa ameinamisha kichwa, machozi yanamtiririka hadi kwenye masharubu, na alikuwa anatabasamu. Yeye alikuwa amepata habari njema: Bheki yuko nasi. Mimi nilikuwa nimepata nyingine. Bibi yule aliwaona wawili kwa namna moja. Mmoja nilijua amekufa miaka mitatu iliyopita. Yule mwingine ndiye niliyemfungulia mlango kwa mkono wangu.

Nikatoka. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Mkanda ulikuwa umefungwa. Ule ubavu ulikuwa juu ya kiti, haujaumwa hata mara moja. Nikaushika. Nimeshika nyama iliyogandishwa miaka yote ya kazi yangu, najua kipande kama kile kinahitaji nyuzi ngapi na saa ngapi. Kilikuwa kigumu hadi kwenye mfupa, na kilikuwa kimetoka kwenye makaa mchana ule ule.

Dordrecht hadi Umzimkhulu

Kulipokucha nilifungua mkanda wa kiti cha mbele, nikaenda kulipa. Niliporudi ulikuwa umefungwa tena. Baba Cele alikuwa ameshakaa nyuma.

"Bheki, kumekucha," akasema. "Mgeni wa rafiki yako naye ameshakaa."

Sikumwona tena yule mtu, lakini ningependa zaidi kumwona. Nilikuwa nimevaa glavu, mkono wangu wa kushoto ukauma njia nzima. Kila mto nilipunguza mwendo, na Baba Cele akamwambia mdogo wake jina la mto, akamwambia asiangalie maji, tunavuka, tumevuka. Na kila tulipovuka nilisikia kutoka kiti cha mbele sauti ndogo ya mtu anayevuta blanketi.

Ulipoonekana mlima wenye tundu nikashindwa kuvumilia. Sikuweza kumuuliza mzee, maana angefunga mdomo tu. Nikaongea na kioo.

"Bheki," nikasema, "ni mimi, Anatoli. Tafadhali muulize kaka yako nifanye nini."

Kisha kutoka nyuma: "Bheki, mwambie rafiki yako aendeshe gari."

"Bheki, muulize kama naweza kumshusha."

"Bheki, mwambie rafiki yako kwamba mtu huwezi kumwita mezani kisha ukamshusha porini. Hata kwao nadhani hawafanyi hivyo."

Hatufanyi. Nikaendesha.

Nje kidogo ya Kokstad polisi walikuwa wamezuia barabara. Askari kijana akanijia na ukali wote wa kazi, akataka kuuliza mbona mkanda umefungwa na kiti hakina mtu. Alipochungulia akaona tawi na mzee aliyenyamaza. Akavua kofia. Hakuuliza leseni. Akarudi nyuma hatua mbili, halafu, nusura nimwombe asiendelee, akahesabu viti kwa macho, akarudi hatua ya tatu, akatupungia mkono tupite haraka. Dada wa bendera kule Umzimkhulu alikuwepo zamuni hata Jumapili. Nilimpungia tu mkono. Alishangaa, nadhani, jinsi nilivyokuwa nimekosa maneno.

Langoni

Tulifika Umlazi saa kumi jioni. Majirani walikuwa wamejaa uani, wanawake wamejifunika mabega, mbuzi mweupe amefungwa kwenye nguzo. MaZondi alisimama peke yake ndani ya lango. Baba Cele akashuka na mzigo wake, akasimama nje.

"Bheki, tumefika. Hili ni lango ulilolichomelea mwenyewe. Huyu ni mkeo. Ingia."

Akapiga hatua tano ndani, akamsogezea mbuzi majani. Mbuzi akageuza kichwa. Akamsogezea upande wa pili, akageuza tena. Mara ya tatu mbuzi alirudi nyuma mpaka kamba ikamkaba. Niliona uso wa MaZondi ukizeeka palepale. Miaka mitatu ya kungoja, na alikuwa anatazama kuni.

Baba Cele akarudi langoni. Akaweka sikio karibu na tawi, akakaa hivyo kwa muda mrefu. Alipoongea aliongea na tawi, lakini kwa sauti ya kila mtu kusikia.

"Nimekuelewa, Bheki. Unasema hujawahi kuingia ndani ukamwacha mtu nje. Unasema ametoka na wewe mbali, na amesimama hapa langoni na hajaalikwa."

MaZondi akanitazama. "Ni nani?"

Nikamweleza kila kitu mbele ya watu wote: nyama, uzio, karibu. Nilitegemea anitukane. Aliuliza tu jina lake.

"Silijui. Kwetu mgeni haulizwi jina kabla hajala."

"Na amekula?"

"Hapana."

Akafikiri. "Hawezi kuingia bila jina," akasema. "Hapa tunawaita kwa majina. Siwezi kusimama langoni kwangu nikaita 'we nani'. Na bila yeye mume wangu haingii."

Jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye mabati. Nilifikiri kuhusu yule mtu, miaka mingapi amesimama nyuma ya waya akitazama magari yanavyopita, na kwamba katika magari yote hayo ni mimi peke yangu niliyemwita. Alikuwa mgeni wangu. Vitu vingi nimejipatia mwenyewe katika maisha haya, na kimoja tu nilipewa na mtu mwingine, siku ile niliyokwenda kwenye mtihani.

"Mwite kwa jina langu," nikasema.

Wanawake wakaguna. MaZondi alinisogelea mpaka nikasikia pumzi yake.

"Unajua unachosema? Jina likiitwa kwenye lango hili halirudi. Tutaliita kila tunapowaita wa nyumba hii."

"Zamu ile ilikuwa yangu, MaZondi."

"Najua," akasema. "Nimejua tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nangoja uniambie."

Akageukia barabara, akapaza sauti.

"Bhekizizwe Cele, ingia nyumbani. Anatoli Sikazwe, ingia nyumbani."

Baridi ikanipita begani upande wa kushoto, kama mtu anayekupita kwenye mlango mwembamba na hataki kukukanyaga. Mkono wangu ukaacha kuuma. Mbuzi akanyoosha shingo, akanusa, akaanza kula, majani na miiba pamoja, mpaka Baba Cele akabaki ameshika kijiti. Wanawake wakapiga vigelegele hadi nyumba za ng'ambo zikaitikia. Mzee akaweka kijiti ndani mahali pake, akatoka, akanijia moja kwa moja.

"Sasa naweza kukutukana," akasema, akanikumbatia.

Sumbawanga

Nilisafiri siku nne baadaye. MaZondi analala vizuri, haoti tena. Mimi nami siwezi kulalamika: karakana yangu imesimama, chumba cha baridi cha kwanza nimekifunga kwa mkono wangu, na Rukwa nzima hakuna fundi wa kunikaribia, muulizeni yeyote.

Mwezi uliopita walikuwa na shughuli ya ukoo. MaZondi akanipigia, akaweka simu juu ya meza ili nisikie. Baba Cele alikuwa akiwaita wazee wa nyumba ile, jina moja moja, na baada ya kila jina anangoja kidogo. Babu yao. Bibi yao aliyeibiwa maziwa. Bheki. Kisha akaita Anatoli Sikazwe, taratibu, kama anavyoitwa mtu anayependwa. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kuitika, nikasikia kule kwenye simu ile sauti ya 'mbele kidogo' imenitangulia.